Dunduzu Chisiza: Mwaka Mmoja wa Uchumi Birmingham

Bismillahi Rahmani Rahim.



Kila mwaka majina ya waliopata ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo yanapotoka, habari huenea Dzaleka nzima kabla ya adhuhuri. Nyumba moja hupikwa pilau, na nyumba ya jirani mtu hujifungia ndani mpaka magharibi. Anayekwenda huulizwa swali moja na kila anayempa mkono: utasoma nini? Wengi wetu hujibu uchumi. Tumekulia katika hesabu ya mgao wa kila mwezi, tumeona bei ya unga ikipanda na thamani ya kwacha ikishuka, na tunataka kujua kwa nini.

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya masahaba na wanazuoni wetu. Safari hii ninaomba ruhusa ya kuwaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa Muislamu. Simleti awe kigezo chetu katika dini, kwa kuwa kigezo chetu ni Mtume Muhammad (s.a.w.). Ninamleta kwa sababu alikuwa kijana wa nchi hii tunayoishi, akaenda Uingereza kusoma uchumi, akakaa huko kama mwaka mmoja tu, akarudi bila shahada. Alipofariki alikuwa na miaka 32. Hata hivyo, mtu akitaka kuijua historia ya fikra za uchumi nchini Malawi, ataanza na jina lake: Dunduzu Kaluli Chisiza.

Mtoto wa Karonga

Alizaliwa tarehe 8 Agosti 1930 katika wilaya ya Karonga, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Nyasaland wakati huo, kando ya ziwa ambalo Watanzania huliita Nyasa na Wamalawi huliita Malawi. Upande ule wa kaskazini ulikuwa maskini wa mashamba makubwa lakini tajiri wa shule. Wamisheni wa Livingstonia walikuwa wametangulia kufungua madarasa huko, na vijana wengi wa kaskazini wakapata kalamu mapema.

Hapa tusimame kidogo, ndugu zangu, kwa sababu jambo hili linatuhusu. Kusini mwa nchi, katika wilaya kama Mangochi na Machinga, wazee wetu wa Kiislamu waliziogopa shule za misheni kwa sababu ya kweli: mtoto aliingia na jina lake na dini yake, na hofu ilikuwa kwamba angetoka na nyingine. Wakachagua kulinda imani, na wajukuu wao wakalipa gharama kwa kuchelewa katika elimu ya dunia. Hatuwalaumu. Ila tujue kwamba wakati Dunduzu anajifunza hesabu chini ya milima ya Livingstonia, watoto wengi wa rika lake waliokuwa Waislamu hawakuwa na darasa ambalo wazazi wao wangeliamini.

Alipomaliza elimu aliyoweza kuipata nyumbani, alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa Nyasaland: alivuka mpaka. Alikwenda Tanganyika akafanya kazi ya ukarani katika polisi. Kaka yake, Yatuta, naye alitumikia polisi huko huko. Kisha Dunduzu akaenda Uganda, kwenye shule ya Aggrey Memorial, akaendelea na masomo. Kwa hiyo kabla hajaiona Ulaya alikwishaijua Afrika Mashariki kwa kuishi ndani yake, akifuata kazi na darasa kama tunavyofanya sisi.

Salisbury na kufukuzwa

Kutoka huko alielekea kusini, Salisbury, mji unaoitwa Harare leo, katika Rhodesia ya Kusini. Alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika ofisi ya ubalozi wa India. Mwaka 1953 Waingereza walikuwa wameziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho moja, na Waafrika wengi wa Nyasaland walilipinga tangu siku ya kwanza, maana waliona limewakabidhi kwa walowezi wa Rhodesia.

Salisbury ilikuwa darasa la uchumi ambalo halikuwa na mwalimu. Watu wa Nyasaland walijaa pale kwa maelfu. Walikuwa viwandani, jikoni kwa Wazungu na katika mashamba ya tumbaku, na wengine walipita kuelekea migodi ya Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, lile shirika la kuandikisha vibarua ambalo kila mzee wa Malawi analijua kwa jina. Nchi yao ilikuwa na udongo mzuri na ziwa lenye samaki, lakini bidhaa yake kubwa ya kuuza nje ilikuwa nguvu za wanaume wake. Mtu aliyeishi katikati ya hali hiyo hakuhitaji kufundishwa kwamba kuna swali hapo.

Mwaka 1955 Chisiza alishirikiana na vijana wa huko, akina James Chikerema, George Nyandoro na Edson Sithole, kuanzisha umoja wa vijana wa mjini uliokuja kuwa chimbuko la siasa za ukombozi wa Zimbabwe. Mwaka uliofuata vijana hao waliongoza mgomo wa mabasi dhidi ya nauli kubwa. Tazama walianzia wapi: nauli ya basi. Mfanyakazi aliyelazimishwa na sheria kuishi mbali na kazi yake alitozwa tena kwa ule umbali aliolazimishwa. Mwaka huo huo wa 1956 serikali ya Rhodesia ya Kusini ilimfukuza Chisiza nchini, akarudishwa Nyasaland.

Chuo kisichotoa shahada

Akiwa amefukuzwa, na bila cheti kikubwa mkononi, alipata nafasi ya kwenda Uingereza. Hakwenda Oxford wala Cambridge. Alikwenda Fircroft, chuo kidogo cha bweni katika eneo la Selly Oak, mjini Birmingham. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1909 na George Cadbury mdogo, wa ile familia ya watengenezaji wa chokoleti, kwa ajili ya wafanyakazi watu wazima ambao hawakuwahi kupata elimu ya juu. Wanafunzi walioishi pale walikuwa watu waliotoka kazini kwanza. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakarudi kwenye viwanda, vyama vya wafanyakazi na halmashauri zao. Hapo ndipo Chisiza aliposoma uchumi, kuanzia mwaka 1957.

Kuna jambo moja la kuvutia akili: kakao ya chokoleti iliyoujenga utajiri wa familia ile haikuota Birmingham. Ilitoka Afrika Magharibi. Mwanafunzi kutoka nchi ya tumbaku na chai, anayesoma uchumi katika chuo kilichojengwa kwa fedha za kakao, alikuwa na somo la biashara ya dunia mlangoni pake kila asubuhi.

Mwaka 1958 masomo yake yalikatika. Dkt. Hastings Kamuzu Banda, aliyeishi nje ya nchi kwa miongo minne, alirejea Nyasaland tarehe 6 Julai 1958 kwa mwito wa viongozi vijana waliotaka mzee wa kuwaongoza. Mwanzoni mwa Agosti, katika mkutano wa Nkhata Bay, chama cha Congress kilimpa urais, na kikampa pia mamlaka ya kuteua viongozi wote wengine yeye mwenyewe. Tuweke alama hapo, tutaparudia. Banda alimteua Chisiza kuwa Katibu Mkuu, akamwita nyumbani. Masauko Chipembere akawa mtunza hazina, Kanyama Chiume akashika uenezi. Huyu Chiume alikulia Tanganyika, na baadaye akawa mwandishi wa vitabu vya Kiswahili.

Jiweke mahali pa Dunduzu. Umepata kitu ambacho kijiji chako kizima hakijawahi kukipata. Uko katikati ya masomo. Barua inakuja kukuita kwenye kazi isiyo na mshahara wa maana, katika nchi ambayo polisi wanaanza kuwakamata wenzako. Alirudi mwezi Septemba 1958.

Gwelo

Miezi michache tu baadaye, alfajiri ya tarehe 3 Machi 1959, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Banda, Chipembere, ndugu wawili akina Chisiza na mamia ya wengine walitolewa vitandani mwao. Chama kilipigwa marufuku. Tume ya Jaji Devlin iliyotumwa kutoka London ilikuta kwamba watu 51 walikuwa wameuawa katika vurugu hizo, na ripoti yake iliitia aibu serikali ya Uingereza.

Dunduzu, Yatuta, Chipembere na Banda walifungwa Gwelo, Rhodesia ya Kusini, nchi ile ile iliyokuwa imemfukuza. Banda aliachiwa tarehe 1 Aprili 1960. Ndugu wawili na Chipembere walionekana kuwa wa hatari zaidi, wakashikiliwa mpaka mwishoni mwa Septemba 1960. Ilikuwa karibu miezi 19 jela, muda mrefu kuliko ule aliokaa darasani Birmingham.

Kutoka jela hadi hazina

Tunamjua Nabii aliyetoka gerezani akaomba akabidhiwe hazina za nchi. Nabii Yusuf (a.s.) hakuomba kiti cha heshima. Aliomba kazi ya kutunza ghala, akitaja sifa mbili alizokuwa nazo: uaminifu wa kutunza na ujuzi. Wanazuoni wametufundisha kwamba sifa hizo huenda pamoja. Mjuzi asiyeaminika huiba kwa ustadi, na mwaminifu asiye mjuzi hupoteza mali huku akilia.

Simlinganishi Chisiza na Mtume wa Mwenyezi Mungu, hasha. Ninasema tu kwamba mlango aliotokea ulifanana. Baada ya uchaguzi wa Agosti 1961, ambao chama kipya cha Malawi Congress kilishinda kwa kishindo, Chisiza aliingizwa Wizara ya Fedha akiwa Katibu wa Bunge, cheo kinachokaribia unaibu waziri, chini ya waziri Mwingereza Henry Phillips. Aliyekuwa mfungwa mwaka mmoja uliopita sasa alifungua vitabu vya hesabu vya serikali ile ile iliyomfunga.

Na hesabu zenyewe zilikuwa ngumu. Watetezi wa Shirikisho walikuwa na hoja moja ambayo haikujibiwa kwa nyimbo za uhuru. Walisema Nyasaland ni maskini mno kusimama peke yake, na kwamba inaishi kwa fedha zinazotoka katika hazina ya Shirikisho, ambazo asili yake ni shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Ikijitoa, walisema, haitaweza kulipa walimu na wauguzi wake. Wanasiasa wengi waliijibu hoja hiyo kwa hasira. Mtu aliyesoma uchumi alitakiwa kuijibu kwa mpango: nchi italipa nini, itapata wapi, na itaanza na lipi.

Chisiza alishiriki kuandaa mpango wa maendeleo wa miaka 1962 hadi 1965. Vilevile alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa serikali changa ya Kiafrika. Kuanzia tarehe 18 hadi 28 Julai 1962 aliwakutanisha Blantyre wachumi kutoka nchi mbalimbali, wajadili maendeleo ya uchumi wa Afrika mbele ya watu ambao maamuzi hayo yangewahusu. Makala za mkutano huo zilichapishwa Uingereza kuwa kitabu mwaka 1965. Ukiufikiria vizuri, utaona kwamba alikuwa ameigeuza safari. Badala ya kijana mmoja kwenda Birmingham kuwasikiliza wachumi, aliwaleta wachumi Nyasaland wazitazame barabara zake na mashamba yake kabla ya kutoa ushauri.

Aliandika pia. Kijitabu chake kuhusu Afrika na njia iliyo mbele yake kilichapishwa New Delhi mwaka 1961. Fikra zake kubwa zinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kwanza, kwamba nchi zetu zinaanza na mkulima mdogo, na mpango unaomruka mkulima ili kukimbilia viwanda utaanguka. Pili, kwamba umoja wa Afrika ujengwe kwa majirani kushirikiana kanda kwa kanda kabla ya kuota serikali moja ya bara zima. Tatu, kwamba ile desturi yetu ya kusaidiana, ya kuzikana, kulimiana na kulishana, ni mali katika hesabu ya taifa, na mchumi asiyeiona amehesabu nusu tu. Nne, na hili alilisema mapema kuliko wengi, kwamba viongozi wenye nguvu waliotuletea uhuru wanaweza kuteleza wakawa madikteta, na kwamba nchi inayonyamazisha upinzani inajiumiza yenyewe.

Fikra ya tatu inapaswa kutugusa sisi Waislamu, kwa sababu tuna zaka, tuna sadaka, tuna wakfu. Mwanafunzi wetu anayefundishwa ng'ambo kwamba mtaji huja kwa mkopo wa riba tu, akirudi asijue hata mali ya wakfu inavyosimamiwa, amesoma uchumi wa watu wengine akaacha wa kwao.

Daraja la Thondwe

Tarehe 3 Septemba 1962, wiki chache baada ya mkutano wa Blantyre, gari la Chisiza lilitoka nje ya barabara kwenye daraja la Thondwe, katika njia ya kwenda Zomba, uliokuwa mji mkuu. Alifariki hapo. Taarifa ya serikali ilisema ni ajali. Watu wengi hawakuamini, na minong'ono juu ya kifo chake haijakoma hadi leo, ingawa hakuna ushahidi uliowekwa hadharani wa kuthibitisha kinyume. Sisi tumekatazwa kudhania watu mabaya bila ushahidi, basi tuiache kwa Mjuzi wa yote.

Kilichofuata kinajulikana. Shirikisho lilivunjwa mwisho wa mwaka 1963. Malawi ikapata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Haikupita miezi mitatu, mawaziri vijana wakagombana na Banda juu ya namna alivyotawala peke yake, wakafukuzwa au wakajiuzulu. Yatuta Chisiza alikuwa mmoja wao. Alikimbilia Tanzania, akarudi na kikosi kidogo cha wapiganaji mwaka 1967, akauawa. Mwaka 1971 Banda akawa rais wa maisha. Mwana wa Dunduzu, Du Chisiza, alikuja kuwa mwandishi na mwigizaji mashuhuri wa tamthilia za Malawi mpaka alipofariki mwaka 1999.

Sasa rudini kwenye ile alama tuliyoiweka Nkhata Bay mwaka 1958. Vijana wale wasomi walimpa mtu mmoja haki ya kumteua kila kiongozi, kwa sababu walikuwa na haraka, na kwa sababu walimwamini. Chisiza mwenyewe aliupata ukatibu mkuu kwa uteuzi huo. Baadaye aliandika kuonya juu ya udikteta, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa, na yeye alikuwa amepita humo. Sisemi hili kumshusha. Ninalisema kwa sababu mtu anaweza kuwa na ujuzi wote wa hesabu za nchi na bado akasahau kuuliza ni nani atamkagua mwenye kushika kitabu.

Dzaleka

Ukitoka Lilongwe kwa barabara ya M1 kuelekea kaskazini, kisha ukaingia upande wa Dowa, yapata kilomita 45 utafika Dzaleka. Wengi wetu tunaipanda njia hiyo kwa minibasi kila likizo. Kabla ya wakimbizi kuletwa mwaka 1994, mahali pale palikuwa jela ya wapinzani wa Banda. Jina lenyewe linatokana na neno la Kichewa lenye maana ya kuacha, na wenyeji wanaeleza kwamba ni ahadi ya mfungwa: nitaacha, sitarudia tena. Watu waliofikiri kama alivyofikiri Dunduzu waliletwa huko kufundishwa kuacha kufikiri.

Kambi ilipangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo tupo zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na msikitini. Sheria ya Malawi haimruhusu mkimbizi kuishi na kufanya kazi popote anapotaka. Mwaka 2023 ndugu zetu waliokuwa na maduka Lilongwe na miji mingine waliamriwa kurudi kambini, na biashara za miaka mingi zikafungwa. Yaliyompata Chisiza Salisbury mwaka 1956, kwamba umeishi mahali, umefanya kazi, kisha unaambiwa ondoka, si hadithi ya zamani kwetu.

Lakini papo hapo Dzaleka, tangu mwaka 2010, Wajesuti walianzisha masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti, na wahitimu wa kwanza wakapata diploma ya Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani bila kutoka kambini. Shirika la WUSC la Kanada nalo huwachukua vijana wachache kila mwaka kwenda kusoma vyuo vikuu vya huko. Mpango wake ulianza mwaka 1978, na sehemu ya gharama hulipwa na wanafunzi wa Kanada wenyewe kupitia michango yao chuoni. Tafakari hilo, ndugu Muislamu: mwanafunzi asiyekujua, asiye wa dini yako, hukatwa fedha kidogo kila muhula ili wewe usome.

Tunachokichukua

Kutokana na maisha haya ninaona mambo matatu ya kushika.

La kwanza ni kwa asiyeliona jina lake kwenye orodha. Chisiza hakuwa na shahada. Alikuwa na swali alilolibeba kutoka Karonga, Tanganyika, Uganda na Salisbury, na mwaka mmoja wa Fircroft ulimpa zana za kulishughulikia. Aliye na swali atalisomea hata kwa simu iliyopasuka kioo, katika maktaba ya Lilongwe au chini ya mwembe Dzaleka. Asiye na swali atakaa miaka minne Toronto arudi na picha za theluji.

La pili ni kwa anayekwenda. Watu watakuambia urudi, lakini wewe mkimbizi utarudi wapi? Nyumbani kuna vita, na hapa huruhusiwi kufanya kazi kwa uhuru. Swali hili ni la haki, na hatutaki kulifunika kwa mawaidha. Ninachokiona ni kwamba kurudi kuna sura nyingi. Chisiza alirudi kwa miguu yake. Wewe unaweza kurudi kwa kumsomesha mmoja, kwa kuandika ukweli kuhusu uchumi wa kambi ambao wachumi wa nje hawaujui, kwa kuweka zaka yako mahali inapojenga kazi badala ya kula siku moja tu. Elimu ni amana, na tutaulizwa siku ya Kiyama tuliitumia vipi. Hatutaulizwa tuliipatia katika mji gani.

La tatu ni kwa sisi wa jumuiya hii. Tunapochagua viongozi wetu na kukusanya michango ya wanafunzi, tusirudie Nkhata Bay. Hata tukimpenda amiri wetu vipi, tusimpe peke yake uteuzi wa kila mtu na ufunguo wa sanduku. Shura ni amri ya dini yetu, na hesabu zisomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa, ziulizwe, zijibiwe. Jumuiya ya watu 60 isiyoweza kusomeana hesabu haiwezi kuzalisha wachumi wa nchi.

Nina ombi dogo kwa wale watakaoondoka mwaka huu. Kabla ya kupanda ndege pale Lumbadzi, chukua karatasi, andika swali moja unalokwenda kulitafutia jibu, mwachie mmoja wetu anayebaki. Litunzwe. Kila mwaka tukuulize umefika wapi nalo. Na sisi tunaobaki tuandike la kwetu vilevile, tuzibandike pamoja kwenye ubao wa msikiti wa chuo.

Ewe Mola, tuzidishie elimu yenye manufaa, utukinge na elimu isiyonufaisha, uwafungulie milango ndugu zetu walioko Dzaleka, na utujaalie kuwa waaminifu na wajuzi katika kila tunachokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.